Vitambaa vya Bustani ya Mama

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi amekuwa akilipwa kwa maua. Sisemi kwamba hapokei pesa. Suti na magauni hulipiwa kama kwa fundi mwingine yeyote. Lakini zile kazi ndogondogo, kifungo kilichong'oka, zipu iliyogoma, pindo lililofumuka, hizo zina bei yake. Atakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Kwenu mmepanda nini?"

Ilianza kwa muuza miche wa kando ya barabara. Mama alinunua kwake miche ya bei rahisi, iliyochanua papo hapo kwenye kopo, inakuchekea. Baada ya miezi mitatu ikafa yote. Akanunua tena, ikafa tena. Alipokwenda kulalamika, yule bwana akamweleza kwamba hiyo huishi msimu mmoja tu. Akitaka ya kudumu, inayorudi mwaka baada ya mwaka, iko upande wa pili. Akamtajia bei. Mama akauliza kama kwa bei hiyo huo mmea unajua pia kufua na kupiga pasi. Muuza miche alicheka mpaka mshono wa suruali yake, ambao ulikuwa umeshaanza kuachia, ukaachia kabisa. Mama akamshonea palepale, naye akampa mche wa asumini uliopinda, ambao hakuna mteja aliyeutaka. Asumini hiyo sasa imefika dirishani.

Tangu hapo hakununua tena. Muuguzi jirani yetu alileta kichipukizi cha waridi, mwalimu akaleta mashina ya mnanaa, fundi baiskeli akaleta vitunguu vya maua ambayo hata yeye hakujua jina lake. Kila mche ulipofika, Mama alichomeka kijiti kando yake na kukifunga kitambaa kutoka kwenye kapu lake la mabaki, kinachofanana na nguo aliyomshonea mwenye kuutoa. Muuguzi alikuwa kitambaa cheupe, mwalimu mistari ya kahawia, fundi baiskeli kaki yenye doa la grisi. Ukisimama mlangoni uliwaona majirani wote wamejipanga bustanini.

Pembeni kabisa, karibu na tangi la maji, lilikuwapo yungiyungi jekundu la Bibi, mama yake Mama. Mama alilichimbua kwa mikono yake mwezi ule tulipomzika Bibi, kabla nyumba yake haijauzwa, na kijiti chake alikifunga kipande cha gauni la Bibi lenyewe, la madoadoa ya bluu. Wenye nyumba wapya walimwaga saruji uwanja mzima. Kwa hiyo lilikuwa hilo moja tu duniani, na Mama alikuwa akilisalimia kila asubuhi kabla hajatusalimia sisi.

Baba ni mpaka rangi wa nyumba. Nampenda, lakini lazima niseme ukweli: kazi za Baba huwa na kona moja isiyomalizika. Sebuleni kwetu, nyuma ya kabati, ukuta haujaguswa na rangi tangu sijazaliwa. "Nani ataona nyuma ya kabati?" ndilo jibu lake, na Mama amemnunia kwa ukuta huo miaka mingi kuliko umri wangu.

Mwaka jana, kiangazi, Mama alisafiri wiki mbili kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Mimi nilibaki na cherehani dukani kwake. Mimea mingi ilikuwa imekauka juu, kama ifanyavyo kila kiangazi, imelala ikingoja mvua. Baba hakulijua hilo. Aliona vijiti na majani makavu, akaona atamfurahisha mkewe. Niliporudi jioni nikakuta udongo umepinduliwa, umefagiwa, na gari la taka limeshapita. Kilichobaki kimesimama ni asumini.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimelima bustani nzima," akasema, kifua mbele. "Na usiwe na wasiwasi, vitambaa nimevitunza vyote."

Kweli alikuwa amevitunza. Mume wa fundi cherehani amegombezwa vya kutosha kwa kutupa vipande vya nguo. Kosa hilo hawezi kulirudia. Alikuwa amevifungua kimoja kimoja, akavifua, akavipiga pasi, akavipanga kapuni kwa rangi. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Mama aliporudi, akapokelewa kwa kapu. Akatazama kapu, akatazama nje. Akaketi kwenye ngazi na kuchomoa kile cha madoadoa ya bluu.

"Hata yungiyungi la mama yangu?"

"Nililima bustani nzima, mama watoto," Baba akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Mama hakugomba. Kwetu, Mama akigomba, mambo yatakwisha salama, akinyamaza, mjipange. Alinyamaza siku tatu.

Siku ya nne Baba alivaa shati la kutokea, akachukua kapu na kuanza kupiga hodi. Huyu ndiye aliyekuwa akijificha nyuma ya gazeti kila Mama alipoomba mche, akisema tunatiwa aibu. Sasa alisimama mlangoni kwa muuguzi na kitambaa cheupe mkononi: "Shemeji, nimeharibu. Hiki si chako?" Muuguzi akampa vichipukizi vitatu badala ya kimoja. Mwalimu akampa mnanaa na chai. Fundi baiskeli alimcheka kwanza, kisha akamchimbulia vitunguu tele na kumbebea mpaka nyumbani. Mungu awabariki watu wale, hakuna aliyemrudisha mikono mitupu.

Mpaka mawingu yanakusanyika, kila kitambaa kilikuwa kimerudi kwenye kijiti chake, isipokuwa kimoja. Najua Baba alikwenda mpaka kwenye nyumba ya Bibi, maana alirudi na viatu vyeupe kwa vumbi, akaingia chumbani na kitambaa cha madoadoa.

Mvua ilinyesha. Wiki mbili baadaye Mama alikwenda kuchota maji tangini, akakawia. Nilimkuta amepiga magoti, ndoo inafurika. Mbele yake ncha tatu za kijani zilikuwa zimeutoboa udongo, nene kama vidole.

"Mwite baba yako."

Baba akaja, akatazama ncha zile, kisha akatazama viatu vyake.

"Ulisema ulilima bustani nzima," Mama akasema.

"Kona hii sikuilima," Baba akajibu. "Mgongo ulikuwa unaniuma. Nilifyeka juu juu tu, nikafagia. Nikasema, nani ataona nyuma ya tangi?"

Mama alicheka huku machozi yanamtoka, akamshika mkono ili ainuke, na hakuuachia hata alipokwisha kusimama.

"Ule ukuta wa nyuma ya kabati," akamwambia, "sasa usiupake. Uache hivyo hivyo."

Kisha akanituma nikalete kitambaa cha madoadoa.