Mlio Ambao Mama Hakuusikia

Mlio huo ulikuwa mwembamba, wa kukera, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua, na mimi niliupenda kuliko nyimbo za redioni. Ulitoka kwenye hedifoni za Mama, nyumbani kwetu Butimba, alikokuwa akitengeneza redio za mawasiliano za maboti ya kivuko cha Kamanga, kule ziwani. Koili iliyoungua, yaani waya uliozungushwa mviringo, aliisuka upya kwa mkono, kisha akaipima kwa kifaa ambacho mafundi hukiita daraja. Umeme wa mkondo geu unagawanyika njia mbili: huku koili unayokijua kipimo chake, kule usiyoijua, na hedifoni katikati. Njia zisipolingana unasikia mlio, zikilingana, kimya. Nobu zilikuwa mbili, na ilibidi uzizungushe kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, maana moja peke yake hupunguza mlio tu, haiumalizi. Jamani, kazi ile ilitaka subira, nami subira sikujaliwa. Mama alinipa sikio moja la hedifoni, yeye akabaki na jingine, tukasikiliza vichwa vikiwa vimegusana.

Masika moja malaria ilimlaza, akatundikiwa dripu za kwinini mpaka masikio yakawa yanavuma. Homa ilipokwisha alirudi mezani, akazungusha nobu, akatulia.

“Imenyamaza,” akasema.

“Mama, bado inalia.”

Alidhani upande wake wa hedifoni ndio mbovu, tukabadilishana. Upande wake ulilia vizuri tu. Akanitazama, kisha akanivalisha pande zote mbili, akarudi kwenye nobu huku macho yake yakiwa usoni kwangu. Mlio ulipokufa niliinua kidole. Hakulalamika, ila jioni ile hakugusa chakula, nami niliogopa kuliko nilivyoogopa alipokuwa na homa.

Tulifanya kazi hivyo mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni. Bila mtu wa kumsikilizia, Mama alifunga karakana, vifaa akavigawa kwa mafundi wa mjini.

Siku hizi na mimi ni fundi. Kipimo changu kinaenea kiganjani; hesabu za koili kinazifanya chenyewe, kinaandika namba kwenye kioo, na hakuna anayesikiliza chochote. Majuzi nilikipeleka Butimba kumwonyesha Mama, nikakibana kwenye moja ya koili nilizokuja nazo. Akaisoma namba kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejisikia anavyosema. Akachukua koili nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha mezani. Halafu akakiweka chini taratibu.

“Kumbe ningeweza kuendelea,” akasema.

Nilianza kumjibu, nikaona anaitazama midomo yangu, nikamrudishia kipimo mkononi.