Jina Lililomnyamazisha Mtoto wa Jinja

Watu wa Manyatta, mtaa wetu hapa Kisumu, wakikuambia Adero aliiba mtoto Uganda, walete kwangu. Mimi Winny ndiye ninayeshona naye kibanda kimoja, na ndiye niliyebaki na cherehani zote mbili mwaka mzima alipokuwa Jinja. Mahakama ya kule haimgawii mgeni mtoto kama kuku. Ilimtaka kwanza akae naye nchini mwao, amlee, maofisa waje wachungulie mpaka ndani ya sufuria. Akapanga chumba, akashona sare za watoto wa watu, akavumilia. Mumewe Ogola alivuka mpaka wa Busia kila alipopata nafasi.

Mtoto mwenyewe aliokotwa sokoni akiwa mchanga. Kwenye kituo cha kulelea watoto walimwita Ivan, jina la askari aliyemfikisha. Alipoletwa Kisumu alikuwa anatembea, ana meno mazuri, na analia. Hakikuwa kilio cha njaa. Jua likianza kuzama alisimama katikati ya chumba, akautazama mlango, akalia mpaka sauti ikakauka. Daktari alimpima, hakuona kitu. Mimi nilisema anawakosa wenzake wa kituoni, na mpaka leo ndivyo nasema.

Ogola akaamua mtoto apelekwe kwa bibi yake, yaani mama yake Ogola, kule Luanda Kotieno kando ya ziwa. Nilikwenda nao kwa sababu Adero aliniomba, na kwa sababu yule mama mkwe nilimjua.

Mama Ogola anauza samaki pale mashua zinapotia nanga, na ulimi wake una makali kuliko kisu chake. Alizaa wana wawili. Ogola ndiye mkubwa. Wa pili, Dishon, alikwenda Uarabuni kulinda maghala. Mwanzoni alipiga simu, kisha kimya. Namba yake haipatikani, na wakala aliyempeleka naye hapatikani. Nyumba yake ya ujana, ile tunayoiita simba, bado imesimama karibu na lango, na mama yake huikandika udongo kila mvua zikiisha. Wazee wa ukoo walishamwambia: mtu akipotea ugenini na mwili wake usionekane, tunazika tunda la yago mahali pake, lile refu lenye uzito wa mtoto mchanga, ili roho yake itulie. Mara ya mwisho walipolitaja, aliwafukuza kwa mwiko.

"Kijana yangu iko kazini," aliwaambia. "Zikeni ya kwenu."

Sasa, kwetu mtoto akilia hivyo, husemwa kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi. Wafu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja. Mtoto akinyamaza, ndiye huyo. Aliye hai hatajwi hata kwa mzaha, maana ni kumlaza kaburini akiwa anapumua. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nayajua haya kama kila mtu anavyoyajua.

Mama Ogola alimkagua Ivan kama samaki wa jana.

"Leo tutaona kama watu wetu wanamjua," alisema. "Kama hawamjui, nyar Seme, mtamrudisha mahali mlimtoa. Siwezi weka roho za watu wengine kwa boma yangu."

Nyar Seme, binti wa kutoka Seme, ndivyo anavyomwita Adero. Nilimtazama Ogola aseme neno. Mwanamume mzima mwenye ndevu akatazama viatu vyake!

Jua likashuka upande wa Mbita, ng'ambo ya ziwa. Tulikuwa uani. Ivan akasimama, akalikazia macho lango, akaanza. Mama Ogola akataja baba yake Ogola, babu yake, mjomba aliyezama ziwani, shangazi aliyekufa kwa uzazi. Kila jina alilipa nafasi. Mtoto akalia tu, kamasi zikamfika kidevuni.

"Wetu wameisha," alisema. "Huyu si wetu."

Adero akainuka. Miaka yote ya kuitwa tasa, na ule mwaka wa Jinja, vyote niliviona usoni mwake.

"Hawajaisha, Mama. Kuna mmoja umeficha."

"Nyar Seme, funga mdomo."

"Dishon!" Adero akaita. "Dishon!"

Ivan akanyamaza.

Mimi nasema alishtushwa na ule ukelele. Lakini nilikuwepo, na nywele zilinisimama. Mama Ogola aliinama polepole mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akauliza kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Dishon?" Ivan akamnyooshea mikono, jinsi watoto waliolelewa vituoni wanavyomnyooshea yeyote anayewainamia.

Akambeba. Hakupiga nduru ya msiba. Aliingia naye ndani ya simba akafunga mlango, nasi nje tukamsikia akiuliza maswali. Kama kule kulikuwa na baridi. Kama walikuwa wanampa chakula. Kwa nini hakupiga simu. Alipotoka, mtoto alikuwa amelala begani kwake.

"Ogola," alisema, "kesho utafute yago."

Tulilizika kando ya ile simba. Adero alilia kupita wote, na wanawake wakasema kweli huyu ni mke wa boma. Mimi nilijua analilia nini. Alitaka mwanawe apokelewe, na alipokelewa. Lakini kama Dishon alikuwa amekufa hakuna aliyejua, si mimi, si yeye. Alimzika shemeji yake kwa mdomo. Nilimhurumia, na nilimwogopa kidogo.

Mtoto halii tena. Anaitwa Dishon na anaitika, na kila likizo bibi yake huja mwenyewe kumchukua.

Juzi tulikuwa kibandani, simu ya Adero ikaita. Namba ndefu ya nje, haina jina.

"Si upokee?" nikamwambia.

Dishon mdogo akaiokota mezani, akampelekea kwa mikono miwili. "Mama, simu."

Adero aliichukua, akailaza kifudifudi chini ya sare aliyokuwa akiipinda, akakanyaga cherehani kwa nguvu zake zote mpaka mlio wa simu usisikike.