Rejeta Iliyovuja Njia ya Masalani

Mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona lile doa. Alikuwa ametoka kuswali alfajiri, na alipopita mbele ya gari akakanyaga mchanga uliolowa. Masalani ilikuwa haijaona mvua kwa muda mrefu, na watu wa pale hawakuwa na tabia ya kumwaga maji ovyo. Akapiga magoti, akapenyeza mkono chini ya injini, akautoa umelowa maji mekundu ya kutu.

"Rejeta," akaniambia. "Inafuja."

Kiswahili yeye alikijia ukubwani, sokoni na barabarani. V yake ilikuwa f, na p yake mara nyingi ilikuwa b. Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Alinioa huko alipokuwa akileta samli na ngozi, akanichukua hadi Garissa, na kwa miaka ile ya mwanzo tulisemeshana Kiswahili chetu cha nyumbani, nusu changu na nusu chake, mpaka nikawa siyasikii tena matamshi yake.

Ilikuwa katikati ya vita vile ambavyo serikali iliviita vya mashifta, yaani majambazi. Nyumbani kwa wakwe zangu havikuitwa jina lolote mbele ya mgeni. Barabara zote zilikuwa chini ya askari, na gari la raia halikuruhusiwa kusafiri ila ndani ya msafara, likiwa na malori ya jeshi mbele na nyuma. Tulikuja Masalani kumchukua mama mkwe wangu. Sote tulimwita Hooyo, yaani mama. Alikuwa ameanguka akitoka mtoni, nyonga ikavunjika, na huko alikokuwa akiishi na mifugo yake hapakuwa na mtu wa kumtibu. Mume wangu hangeweza kwenda peke yake. Hooyo alihitaji kugeuzwa, kuoshwa na kubadilishwa nguo, na hizo si kazi za mtoto wa kiume. Kwa hiyo nilimwacha mwanangu mchanga Garissa kwa jirani yangu aliyekuwa naye ananyonyesha, nikiamini kwamba kesho yake nitakuwa nimerudi.

Kesho haikufika. Msafara ulicheleweshwa, halafu ukacheleweshwa tena. Siku gari lilipovuja matiti yangu yalikuwa yamejaa hata kifua kikawa kigumu kama ubao, na homa ilikuwa imeanza kunipanda.

Mume wangu alifungua boneti, akatafuta, akaona tundu. Chini kabisa ya rejeta, pale vyuma viwili vinapoungana, kiungo kilikuwa kimeachia. Aliweka kidole. Maji yakasimama. Alipotoa kidole yakaanza tena, tone likifuata tone bila haraka yoyote.

"Tukienda bolebole tutafika," alisema. "Tutaongeza maji njiani. Lakini msafara hauendi bolebole."

"Na tukibaki?"

Alikwenda kwa sajenti wa msafara, nami nikamfuata kwa nyuma, nimejifunika. Sajenti alikuwa mtu wa bara, mrefu, amekaa juu ya debe akinywa chai. Sikuona ubaya usoni mwake. Nilichoona ni uchovu.

"Gari yako ikiwa mbovu, baki," alimwambia mume wangu. "Lakini wakija wengine waulize kwa nini kuna gari ya mtu wa Garissa imelala hapa, usiseme ni mimi niliyekuruhusu."

"Msafara mwingine ni lini?"

"Mimi najua wa leo tu. Na usikie vizuri: ukisimama njiani, sisi hatusimami."

Tulirudi kwenye gari. Lilikuwa pikapu kuukuu lenye turubai nyuma, na Hooyo alikuwa tayari amelazwa humo juu ya magodoro mawili, uso ameuelekeza kwenye turubai. Mume wangu aliegemea mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba kubaki ni salama kuliko kwenda. Gari likisimama porini, watakaotukuta ni watu wa aina mbili tu, na wote wana bunduki. Tukibaki, pengine atapatikana fundi. Pengine tutahojiwa, lakini tutahojiwa mbele za watu.

"Twende," nilisema.

"Unasema hifyo kwa sababu ya mtoto."

"Ndiyo, kwa sababu ya mtoto. Na kwa sababu ya mama yako. Umeuona mguu wake? Mimi ndiye ninayeuosha, mimi nimeuona. Unabadilika rangi."

Hooyo, ambaye Kiswahili hakukijua ila aliijua sauti ya ugomvi, akauliza kwa Kisomali tunasema nini. Mwanawe akamweleza. Naye akasema, bila kugeuza uso, "Mimi niacheni hapa. Nyinyi nendeni kwa mtoto wenu."

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyokata shauri. Mume wangu alisimama wima kama mtu aliyepigwa kofi. Akaniomba sabuni. Nilimpa kipande cha sabuni ya kufulia, nikachana pindo la leso yangu, naye akaikanda ile sabuni pamoja na nyuzi za kitambaa, akaliziba tundu kwa kidole gumba akiomba Mungu kwa sauti. Akanituma nyumba ya jirani kuomba manjano. Madereva wa siku zile waliamini kwamba manjano yakimiminwa ndani ya rejeta huenda yenyewe hadi kwenye ufa yakaganda. Tulijaza maji kila chombo tulichokuwa nacho, hata birika la udhu.

Tuliwekwa karibu na mkia wa msafara. Nyuma yetu lilikuwa lori moja tu la askari. Vumbi lilikuwa kama ukuta. Nilikaa nyuma na Hooyo, nimemshika nyonga kwa mikono miwili ili kila shimo la barabara limfikie limepungua nguvu. Hakulia. Aliuma ushungi wake. Kwa mwendo wa kitambo nilianza kuamini kwamba tutafika, kisha nikasikia harufu ya sabuni inayopikwa.

Mume wangu alisimama, akamimina maji, mvuke ukamrukia mkononi, akakimbiza gari tukaufikia mkia wa msafara. Askari wa lile lori la nyuma walitupigia kelele tusirudie. Alirudia. Safari hiyo walitupita, na mmoja wao alitupungia mkono kama mtu anayeaga. Tuliwafuata mpaka vumbi lao likawa jepesi, mpaka likawa ukungu tu juu ya migunga. Kisha mume wangu akazima injini.

Alikuja nyuma akainua turubai. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi.

"Imechemka," alisema. "Nikiifukuza hifi, injini itakufa na tutabaki na chuma. Nikingoja ipoe, wale wamekwenda. Wewe unasemaje?"

Sikutegemea aniulize. Mwanamume wa kwao kumuuliza mkewe jambo la gari mbele ya mama yake, halikuwa jambo dogo.

"Ngoja ipoe," nilisema.

Maji yalikuwa yamekwisha, isipokuwa birika moja tulilomwekea Hooyo. Mto ulikuwa upande wa magharibi, si mbali. Tuliweza kuona vichwa vya mikoma inayoota kando yake. Alichukua madebe mawili akashuka kuelekea huko. Alipofika kwenye vichaka aligeuka akatutazama, halafu miti ikamficha.

Sijui alikawia kiasi gani. Najua jua lilitoka upande mmoja wa turubai likaingia upande wa pili. Kila kijiti kilichovunjika kilikuwa ni mtu. Niliogopa wale wa msituni, niliogopa na wale wa serikali, na sikujua ni akina nani niombe Mungu wasije kwanza. Homa ilinitetemesha. Hooyo aliniona nimejikunyata nimekumbatia kifua, akaelewa.

"Yakamue," aliniambia kwa Kisomali ambacho kwa kuwa kilikuwa chepesi nilikifahamu. "Maziwa yakilala yanaua." Akaninyoshea kikombe chake mwenyewe, akafumba macho ili nisione haya. Nilikamua huku nalia, kwa maumivu na kwa kumfikiria yule aliyestahili maziwa hayo. Hooyo hakukubali niyamwage barabarani yakanyagwe. Nilishuka nikayamimina chini ya mti, nikayafukia kwa mchanga.

Nilikuwa bado nimechutama pale mtini niliposikia lori. Lilitoka upande wa Garissa. Sajenti yule aliyesema hawasimami, alipohesabu magari na kukuta moja limepungua, alikuwa ameamriwa na mkubwa wake kurudi. Gari la raia lililobaki nyuma peke yake lilikuwa na maana moja tu kwao: limepelekwa kwa maadui.

Askari waliruka chini kabla lori halijasimama. "Dereva yuko wapi?"

"Amekwenda kuteka maji," nilisema. "Rejeta imevuja. Gari limechemka."

Mmoja alinitazama vizuri. "Wewe si mtu wa huku. Kiswahili chako cha wapi?"

"Lamu."

"Sasa huku umefuata nini?"

"Nimeolewa, baba."

Hapo mume wangu akatokea vichakani, madebe mikononi. Walimlazimisha kuyaweka chini na kuinua mikono. Debe moja lilipinduka. Nakumbuka nilivyoyatazama maji yale yakinywewa na ardhi, na mimi nikijua amekwenda kuyachota mahali penye mamba.

"Gari ina nini?" sajenti alimuuliza.

Mume wangu alikuwa anahema, na Kiswahili chake, ambacho hata kwenye utulivu kilikuwa cha kuazima, kilimkimbia. Fundi wetu wa Garissa aliyeziba masufuria na rejeta alitumia risasi iliyoyeyushwa, na mume wangu hakuwa na neno jingine la kazi hiyo.

"Hakuna kitu kubwa," alisema. "Inataka risasi tu. Nikifika Garissa, kuna mtu ananipa risasi."

Bunduki zote zikamgeukia. Kisha askari mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki chini ya shingo, akaanguka kwa magoti.

Nilipiga kelele. "Lehemu! Anasema lehemu! Risasi ya kuzibia tundu, ya fundi wa masufuria! Jamani, fungueni boneti mwone!" Nililirudia neno hilo la lehemu mara nyingi mpaka likapoteza maana hata masikioni mwangu. Sajenti alikwenda akafungua boneti. Aliona sabuni iliyoyeyuka, nyuzi za leso yangu, maji ya manjano yaliyokauka kwenye chuma. Alisimama pale ameweka mikono kiunoni. Naamini kabisa kwamba alielewa.

"Huyu ataenda aelezee mbele," alisema hata hivyo. "Mimi siwezi kumwachilia. Wamesikia wote."

Walimfunga mikono. Gari likaachwa palepale. Hakuna aliyetaka kulivuta. Ikabaki Hooyo. Askari wanne walilikamata godoro kwa pembe zake, wakamtoa nyuma ya pikapu na kumpandisha kwenye lori lao. Mwanamke huyu hakutaka hata mwanawe wa kumzaa amguse nyonga. Alijifunika uso wote kwa ushungi, na chini ya kitambaa nilisikia akisoma Ayatul Kursi bila kupumzika, toka walipomwinua mpaka walipomweka. Yule askari aliyempiga mume wangu ndiye aliyemshikia kichwa kisigonge chuma. Sijapata kujua niweke wapi moyoni mambo haya mawili ya mtu mmoja.

Garissa walitushusha hospitalini sisi wanawake wawili. Mume wangu hakushuka. Alinitazama kutoka nyuma ya lori akasema, "Mwone mtoto," kisha likaondoka.

Nilikimbia hadi kwa jirani. Mwanangu alikuwa mzima, amenenepa kwa maziwa ya watu, na nilipompa titi aligeuza uso akalia, akamnyoshea mikono yule mwanamke mwingine. Jirani yangu alilia kuliko mimi. Tulikaa naye, yeye akimtuliza, mimi nikimjaribu, mpaka siku ya pili akakubali.

Mume wangu alizuiliwa kambini mpaka mvua zikaja zikaisha. Kila asubuhi nilimwacha mtoto kwa Hooyo, nikaenda kusimama kwenye lango la kambi. Niliambiwa leo hayupo, leo amehamishwa, leo hawezi kuonekana. Nilitafuta mtu wa kumweleza habari ya lehemu na kila mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanielekeza kwa mwingine. Mfupa wa Hooyo uliunga vibaya, akawa wa kutembelea gongo, lakini aliishi. Hakuniuliza hata mara moja ni nani aliyesema twende. Mimi nilijiuliza kwa niaba yake. Tungebaki Masalani, mguu huo ungemwua. Daktari alisema hivyo. Tungebaki, mwanawe asingepigwa. Nimeyapima haya mawili maisha yangu yote, na mizani haijawahi kutulia.

Aliporudi alikuja kwa miguu, mchana, amebeba viatu vyake mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Mkono wake wa kushoto haukukunjika tena sawasawa, na usukani hakuushika tena. Baadaye alifungua duka la majani ya chai na sukari. Ya huko alikotoka hakunisimulia, nami sikumlazimisha.

Siku ile mtoto alikuwa amekwishajifunza kutembea. Alipomwona yule mtu mkondefu mlangoni alikimbia akajificha nyuma ya nguo zangu. Nilitaka kumvuta nimpe baba yake, lakini mume wangu akanizuia kwa ishara. Alikaa chini, akaegemeza mgongo kwenye ukuta, akaweka mikono yake magotini ionekane. "Mwache," alisema. "Atakuja bolebole." Mimi nikaenda jikoni kuwasha moto wa chai, na kila nilipochungulia niliwaona wakitazamana.