Siku Kumi za Balozi Nicodemo

Kila mwaka, ngano ikianza kuiva kwenye mashamba ya serikali, Kornelia na mumewe Ignasi walifunga nyumba yao ya Masakta wakahamia Ziwa Basotu. Mashua yao pana, iliyofunikwa turubai chakavu, ndiyo ilikuwa jiko, kitanda na chombo cha kuvulia samaki wa kuwauzia madereva wa kombaini. Mvua zikikaribia, walirudi kulima.

Mwaka ule kipindupindu kikaingia. Balozi wa nyumba kumi pale ziwani, mzee Nicodemo, akaja ufukweni na mgambo wawili.

"Ninyi ni watu wa kuja. Msikanyage nchi kavu mpaka niseme."

Wakazoea, wangefanyaje? Kornelia alichemsha kila tone la maji kwenye jiko la debe. Walijifunza kujigeuza pamoja usingizini mashua isiyumbe, na kunyamaza kiboko akipita karibu. Unga waliwekewa na mgambo juu ya jiwe la ufukweni.

Wiki ya tatu, Juliana, mdogo wake Kornelia, akapaza sauti kutoka ufukweni: mama yao amefariki Masakta. Si kipindupindu, ni uzee tu. Kornelia akapiga kasia mpaka kwenye matete, alikosimama Nicodemo.

"Shikamoo mzee. Nihurumie, nikamzike mama."

"Marahaba. Rudi majini."

Akarudi. Tangu siku hiyo akawa anamtazama mtu mmoja tu. Alfajiri moja akamwona Nicodemo akivuka kizuizi cha mgambo, akipepesuka kwa pombe, akitoka Hirbadaw, kijiji chenye wagonjwa wengi. Akamwona tena, na tena. Hakumwambia Ignasi, maana Ignasi angemtuliza, naye hakutaka kutulizwa.

Nesi Scolastica alipokuja kuwapima na kuwaruhusu kushuka, watu wakiwa wamekusanyika, Kornelia alisema yote. Nicodemo akakana. Mgambo mmoja akainamisha kichwa.

"Ni kweli, nesi. Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia."

"Basi mzee atakaa peke yake siku kumi," nesi akasema. "Nani ana nafasi?"

Watu wakaanza kusogea nyuma.

"Mashua yetu iko tupu," akasema Kornelia.

Ignasi alitaka waende kaburini siku ileile. Kornelia alikataa. Walilala kwenye kibanda cha wavuvi, na kila asubuhi alipeleka uji, akauweka juu ya jiwe, akakaa kumtazama balozi akihangaika na kasia. Siku ya sita mzee aliita kwa sauti ya kulia.

"Kornelia, nitakufa huku! Kiboko ananizunguka!"

"Nyamaza, atapita."

"Inatosha sasa," Ignasi akamwambia mkewe.

"Kwako imetosha."

Nicodemo alishuka mzima, amekonda, na ubalozi akapewa mwingine. Alipompita Kornelia alimwomba radhi. Kornelia aliendelea kukunja turubai.

Kesho yake, Masakta, aliketi kando ya kaburi, nyuma ya nyumba ya mama yake, akamsimulia mama yake siku zote kumi, hakuruka hata moja. Alipofika kwenye kiboko alicheka, akacheka mpaka Juliana akatoka ndani kuuliza kulikoni.