Maharagwe Yaliyogoma Kuiva

Dharau ya msomi ni mbaya kuliko ya mjinga, kwa sababu hujificha nyuma ya adabu. Ninayemsema hapa ni mimi mwenyewe.

Mwanangu alitaka kumwoa binti wa Mreno mmoja, mgane anayeishi Gaithersburg, hapa hapa Marekani. Mzee huyo hakukataa, wala hakukubali. Alisema tu kwamba tangu mkewe afariki hakuna aliyempikia mchuzi wa kwao wa utumbo na maharagwe meupe, na kwamba aliogopa wajukuu wake wangekua bila kuujua. Nikamjibu palepale kwa simu: aje Jumapili, saa saba mchana, nitampikia. Mke wangu, ambaye siku hiyo angekuwa zamu hospitalini, alinitazama.

"Wewe? Hata chai unaunguza."

Nikamwonyesha kitabu cha mapishi nilichoazima maktaba.

Utumbo niliununua Langley Park, mweupe, umekwisha kusafishwa hata hauna harufu. Sikuuamini. Kwetu Moshi, utumbo usiooshwa kwa ndimu ni aibu ya nyumba nzima. Nikakamua ndimu saba, nikauacha ulale humo, na asubuhi nikautia sufuriani na maji yake pamoja na maharagwe, nyanya, karoti, soseji na bizari nyembamba. Kitabu hakikutaja ndimu. Nilimhukumu mwandishi wake kuwa hakulelewa vizuri.

Ilipofika saa tano utumbo ulikuwa umelainika. Maharagwe yalikuwa kokoto. Niliongeza maji, nikaongeza moto, nikausoma ukurasa uleule mara nne. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia mwanangu.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo kutoka Uvira anayefanya kazi ya kutunza wazee, ametoka zamu ya usiku, bado amevaa sare yake. Kwa miaka minne tuliyokaa jengo moja hapa Riverdale Park, mazungumzo yetu yalikuwa karibu yote ya mimi kumsahihisha Kiswahili chake ngazini.

"Papa, munapika ile ya Wareno? Nimeinusa tangu chini."

"Umeijuaje?"

"Mama yangu alikuwa anapikia Mureno wa duka, kule Uvira. Lakini yenu iko na harufu ya ndimu." Akachota harage moja, akaling'ata, akacheka. "Eh, Papa! Ndimu inakaza maharagi. Nani alikufundisha?"

"Kitabu."

"Kitabu hakina meno."

Hakungoja ruhusa. Aliyaopoa maharagwe yote kwa kijiko cha matundu, akaniamuru niyaoshe mara tatu, akashuka kwake na kurudi na bikabonate, ule unga mweupe unaofanya kazi ya magadi. Akatia kidogo katika maji mapya, akayachemsha peke yake. Utumbo nao akaumwaga mchuzi wake wote na kuanza upya na nyanya nyingine. Nilikatakata vitunguu kama nilivyoagizwa. Saa saba kasorobo akavichanganya vyote, akanipa harage nilionje. Likapondeka ulimini. Akaenda kulala.

Mzee wa Kireno alifika na binti yake, akaketi mezani na mwanangu, akaanza kula. Binti yake hakuthubutu kugusa kijiko.

"Bizari imezidi," alisema mwishowe. "Mke wangu angekugombeza." Kisha akasogeza sahani iongezwe. Alipoimaliza ya pili, alimgeukia mwanangu na kumuuliza kama kanisa letu lina nafasi kabla ya majira ya baridi. Binti alianza kulia, akila.

"Nani amekufundisha?" mzee aliniuliza.

Neno "kitabu" lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza, nikasema ni jirani, akataka kumshukuru kwa jina. Sikulijua. Jioni, wageni wakiwa bado kwetu, nilipomsikia jirani ameamka, niliteremka na bakuli la mchuzi, nikamuuliza.

"Miaka mine unanisahihisha, Papa," alisema akicheka mlangoni, "na jina haujauliza?"

Kisha akaniambia wanavyomwita kwao, nami nikapanda kumwambia mzee kwamba aliyetupikia ni Mama Mapacha.