Gari la Mwalimu Halijaoza

Tangu amzike mumewe, Mwalimu aliliwasha gari la marehemu kila asubuhi, likanguruma uani kidogo, kisha akalizima. Hakwenda popote. Alitaka tu mtaa usikie kwamba nyumba ile bado ina mwenyewe. Bomba la moshi alilifuta kwa kitambaa mpaka likang'aa kama sahani za wageni.

Hata hivyo likatoboka. Mngurumo ukageuka kikohozi, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, akapata la kusema.

"Shemeji, gari limeoza. Nimepata mnunuzi, nakuja naye Jumamosi. Linakohoa hadi aibu."

"Na wewe ulikohoa masika yote. Mbona hatukukuuza?"

"Nani angeninunua?"

"Ndiyo hapo."

Walicheka, lakini shemeji alipoondoka, kicheko kilimkauka Mwalimu. Gari lile likiuzwa kwa bei ya chuma chakavu, watu watasema marehemu aliacha takataka. Hilo hatalikubali angali hai.

Akamwita fundi wa kuchomelea, wakalipandisha gari juu ya stendi za chuma, na Mwalimu mwenyewe akatandika mkeka akaingia chini. Akaligonga bomba kwa mpini wa bisibisi. Mbele lililia kama kengele. Nyuma likatoa sauti butu, kama gunia linalopigwa. Akagonga tena, tundu likamdondoshea usoni maji ya rangi ya chai.

Hapo akaelewa. Alikuwa amefundisha kemia mpaka akastaafu. Moshi wa petroli una mvuke ndani yake. Bomba lisipopata moto wa kutosha, mvuke hugeuka maji, yakalala humo yakila chuma. Kumbe kila asubuhi alikuwa akilinywesha bomba maji, kisha analing'arisha kwa nje. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kata palipooza, chomelea kipande kipya," alimwambia fundi. "Palipo pazima niachie mimi."

"Mama, utachafuka."

"Nimeshachafuka. Nipe brashi ya waya."

Akasugua kutu mpaka chuma kikatoa uso, akapiga msasa, akafuta vumbi, akapaka rangi ya kuhimili joto, hasa kwenye maungio. Lakini rangi ni ya nje. Dawa ya ndani ni gari kutembea mbali, bomba lichemke likauke. Leseni alikuwa nayo. Usukani ndio hakuwa ameuzoea, maana enzi za marehemu alipenda kuendeshwa.

Jumamosi shemeji akafika na mnunuzi, wakakuta lango wazi na Mwalimu amekaa nyuma ya usukani, kilemba kimekaa sawa, injini inanong'ona.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Mbali."

"Kufanya nini?"

"Kukausha bomba. Na nitakwenda kila wiki."

"Na mgeni wangu huyu?"

"Mpe maji ya kunywa. Hapa hakuna kinachouzwa."

Gari likazimika palepale langoni. Mnunuzi akageukia ukutani kuficha kicheko. Mwalimu hakumtazama. Akaliwasha upya, akaingiza gia, akatoka. Mtaani alipita polepole, kila kibaraza kimwone. Alipoifikia barabara kuu, akakanyaga mafuta.