Futari Ambayo Sikuipeleka

Mwaka ule serikali ilikuwa imeshaacha kuwapangia wahitimu kazi. Nilikuwa nyumbani kwa mama, Kilwa Masoko, nikingoja majibu ya maombi ambayo labda hata hayakusomwa. Kitu kimoja tu maishani mwangu kilikuwa cha uhakika: nilikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi Kiranjeranje. Posa yangu ilikwishapokelewa na mjomba wake, na kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho.

Badala ya kutulia, nikamsumbua. Kila lori lililoelekea kusini lilibeba salamu zangu, na kila lililorudi bila jibu liliniondolea usingizi. Kanichoka? Anaumwa? Au kuna mtu?

Ndipo jioni moja ya mwezi wa Shaabani nikaingia kwenye kibanda cha video karibu na soko. Filamu ilikuwa ya Kihindi. Mwanamume alimpenda mwimbaji mmoja kwa pupa, akamchunga, akamhoji kila alikotoka, mpaka mwanamke akakimbia. Miaka ikapita, mwanamume akajifunza kupenda bila kushika. Mwisho wakakutana kituo cha treni. Mwanamume alimwona, akatabasamu, hakumwita.

“Mwite, zuzu wewe!” mtu akapiga kelele nyuma yangu.

“Mwache, ana nauli ya mtu mmoja,” mwingine akajibu, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mimi machozi yalinitoka. Niliona nimeonyeshwa ugonjwa wangu pamoja na dawa yake. Tangu siku ile sikutuma salamu tena.

Ramadhani ikaingia. Kwetu mwenye mchumba hupeleka ukweni vitu vya futari: sukari, mchele, tende. Hakuna anayekuja kuvidai, lakini kila jirani huona kama vimefika au havikufika.

“Vitu vya ukweni vinaondoka lini?” mama akauliza.

“Sipeleki, mama. Sitaki kumfunga mtu kwa sukari.”

Mama akaguna. “Wenzio wamefunga Ramadhani, wewe unaleta habari za kamba. Haya. Mwenzio ana mjomba.”

Sikumsikiliza. Nilijiona mwepesi, nikala daku vizuri, nikalala. Nilidhani huko ndiko kupona.

Mpaka siku dereva mmoja wa lori, Mmakonde, mtani wetu, aliponisimamisha barabarani.

“Mtani! Nimetoka Kiranjeranje. Ukweni kwako wanafuturu tende tamu hizo! Za mnunuzi wa korosho, yule mwenye gari jipya.”

“Utani huo?”

“Sasa mtani wako akwambie nini?” Akacheka, akaondoa gari.

Mtani hakasirikiwi, wala haaminiki. Nilibaki pale nikiyapindua maneno yake. Wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa vijijini tangu biashara ya korosho ifunguliwe, kwa hiyo huenda ni kweli. Lakini watani ndivyo walivyo, kwa hiyo huenda ni uongo. Kesho yake nikapanda lori.

Nilifika magharibi ikikaribia, koo limekauka. Mjomba wake alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka. Nyuma yake, mlangoni, niliona mfuko wa sukari na boksi la tende. Boksi lilikuwa halijafunguliwa.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Tulidhani umesafiri.”

“Sikusafiri.”

“Uliumwa?”

“Hapana, mjomba.”

“Basi.” Akapangusa mchanga mkekani. “Mtu akinyamaza Shaabani, na Ramadhani akanyamaza, sisi tunaelewa. Si lazima aseme kaacha. Huyu mwingine kaleta vitu vyake, kauliza kama kuna mtu. Kesho anakuja kuchukua jibu.”

Nikaanza kumweleza. Nikasema kumpenda mtu si kumshika, nikasema nilitaka awe huru. Maneno yale kibandani yalikuwa mazito. Pale barazani yaliniishia mdomoni.

“Awe huru na nani?” mjomba akauliza.

Mchumba wangu akatoka ndani na bakuli la uji. Alikuwa amesikia yote. Aliliweka chini, lakini hakurudi ndani.

“Kisimani wananiuliza, shuleni wananiuliza: mwalimu, msomi wako kakukimbia? Mimi ndiye niliyekuwa nawajibu. Wewe ulikuwa wapi?”

Nilikuwa nimelala.

“Salamu zako zilinichosha, kweli,” akaendelea. “Ungeniuliza, ningekwambia punguza. Hukuuliza.” Akasogea mpaka kwenye nguzo ya baraza. “Sasa unanitaka au hunitaka? Sema hapa, mbele ya mjomba.”

Kichwani yalinijia majibu mengi, kila moja na sababu zake. Nikaona mkono wake umeshika nguzo ya baraza kwa nguvu.

“Nakutaka,” nikasema.

Adhana ya magharibi ikasikika. Mjomba alivuta boksi la tende, akachomoa kisu kidogo, akanitazama. “Tufuturu, basi. Tende ni tende.”

Njaa ilikuwa inaniuma. Sikuunyoosha mkono.

“Hizo zinarudi kwa mwenyewe, mjomba,” mchumba wangu akasema. “Kuna maji, kuna uji.”

Mjomba alimtazama yeye, kisha mimi, kisha akakirudisha kisu. Akanywa maji kwanza, taratibu.

“Kesho akija utakuwepo,” akaniambia. “Jibu nitampa mimi. Lakini vitu vyake utamkabidhi wewe, kwa mikono yako, majirani waone. Na wazee wako waje kabla ya Idi.”

“Ndiyo, mjomba.”

Uji haukuwa na sukari, na uliniunguza ulimi. Niliunywa huku nikiuogopa mlio wa gari la mtu yule, nikijiuliza nitamtazama usoni au chini. Bakuli lilipokwisha, mchumba wangu akalichukua, akaniongeza bila kuniuliza.